Kufundisha vijidudu sekondari bila kuwagawa mafungu mawili ubaoni

Walimu wenzangu wa bayolojia, hii mada ya vijidudu ni tamu sana kuifundisha ila ndo mada inayofundishwa kikavu kupita zote. Mwalimu anachora jedwali, kushoto faida kulia madhara, wanafunzi wananakili, mtihani ukifika wanamwaga walichokariri na mada imeisha hapo. Jedwali lenyewe halina uongo, shida yake ni kwamba linamjengea mtoto picha kwamba kuna vijidudu vizuri na kuna vijidudu vibaya, basi, wakati kijidudu kilekile kinaweza kukusaidia kikiwa sehemu moja na kukulaza kitandani kikihamia sehemu nyingine. Bakteria E. coli wapo kwenye utumbo wako sasa hivi unaposoma na wengi wao hawakufanyi chochote kibaya, ila wakipanda kwenye njia ya mkojo hapo ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga mwanafunzi atoke na maswali matatu kichwani kila anapokutana na kijidudu: kiko wapi, kiko kwa wingi gani, na kinafanya nini hapo kilipo.

Vifaa vingi ni vya kawaida, kama maabara yenu ina hadubini ni vizuri zaidi lakini kukosa hadubini kusikufanye uiruke mada. Mpangilio huu unachukua vipindi kadhaa, usijaribu kuubana kwenye kipindi kimoja maana kuna vitu vinahitaji siku kuota.

Hatua ya 1: Sikia wanachoamini kwanza

Kabla hujasema neno lolote wape karatasi, waambie kila mtu achore kijidudu, alafu chini yake aandike kinaishi wapi na kinafanya nini. Usiwasaidie. Utaona wengi wanachora kidude chenye meno na macho makali, kinaishi chooni au kwenye kidonda, kazi yake kuleta ugonjwa. Hapo tayari unajua unaanzia wapi.

Alafu waulize kwa mdomo maswali machache na uandike majibu pembeni bila kuyasahihisha. Malaria inaletwa na nini hasa? (Wengi watasema mbu, wachache sana watamtaja Plasmodium anayebebwa na huyo mbu.) Chakula ukikiweka kwenye friji vijidudu vinakufa? (Hapana, vingi vinapunguza tu kasi ya kuzaliana, na vingine vinaendelea kukua polepole humohumo.) Mafua yanatibiwa na antibayotiki (dawa za kuua bakteria)? Mwili wa mtu mwenye afya njema kabisa una bakteria? Hili la mwisho ndo linaloleta ubishi mkubwa, na ni ubishi mzuri, uache uchemke kidogo ndo uwape jibu: makadirio ya wanasayansi yaliyotolewa 2016 yanasema mwili wa mtu mzima una bakteria kama trilioni 38, seli zake mwenyewe za mwili ni kama trilioni 30. Darasa huwa linanyamaza.

Hatua ya 2: Wape udogo wa kweli, kwa rula

Kusema "ni vidogo sana havionekani kwa macho" haitoshi, sentensi hiyo wameshaisikia tangu msingi na haina uzito tena. Waambie watoe rula na waangalie nafasi ya milimita moja, ile kati ya mistari miwili midogo. Milimita hiyo moja ina maikromita 1,000. Bakteria kama E. coli ana urefu wa maikromita 2 hivi, sasa wapige hesabu wenyewe, wangapi watajipanga kichwa kwa mkia ndani ya hiyo nafasi? 500. Seli ya hamira ina maikromita 5 mpaka 10, kwa hiyo 100 mpaka 200. Virusi vingi ni vidogo zaidi ya hapo, kirusi cha nanomita 100 (nanomita 1,000 ni maikromita moja) utapanga 10,000 kwenye nafasi hiyohiyo. Waache waandike namba hizo kwenye daftari wakiwa wameshika rula, zitakaa kichwani.

Hapohapo unganisha na kasi ya kuzaliana. Bakteria akiwa na chakula, joto na unyevu anaoupenda anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Anza na mmoja, saa moja wamefika 8, saa mbili 64, saa tatu 512, waendelee wenyewe kwa kikokotozi mpaka saa ya saba, watapata 2,097,152. Mwanafunzi mwerevu atauliza, sasa mbona dunia haijajaa bakteria? Swali hilo usilijibu haraka, lirudishe kwa darasa. Watafika wenyewe kwamba chakula kinaisha, taka zao zinawaua, joto linabadilika, wanaliwa na wengine, na hayo ndo mambo yaleyale tunayoyatumia sisi kuwazuia, kwa hiyo ukifika kwenye kuhifadhi chakula nusu ya kazi imeshafanyika.

Hatua ya 3: Makundi, kwa ufupi tu

Bakteria, virusi, fangasi, protozoa (viumbe vya seli moja kama yule Plasmodium wa malaria), mwani. Usitumie kipindi kizima hapa. Kitu kimoja tu kiwekee mkazo: virusi siyo seli, havina uwezo wa kuzaliana vyenyewe mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe mwingine, na hiyo ndo sababu dawa inayoua bakteria haivigusi. Na fangasi siyo kitu kimoja, hamira ni fangasi, ukungu wa mkate ni fangasi, uyoga ni fangasi, mapunye ya kichwani nayo ni fangasi.

Ukipenda historia wape kidogo, Antonie van Leeuwenhoek wa Uholanzi alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, hakuwa na shahada yoyote, alisaga lenzi zake mwenyewe na miaka ya 1670 akaona viumbe hai kwenye tone la maji. Wanafunzi wanaojiona hawafai kwenye sayansi wanahitaji kulisikia hilo.

Hatua ya 4: Anza na hamira, usianze na magonjwa

Hapa natofautiana na vitabu vingi. Ukianza na kipindupindu na kifua kikuu umeshathibitisha ile picha ya kidude chenye meno, ukija baadae kwenye faida inakuwa kama nyongeza tu. Anza na kijidudu wanachoweza kukiona kikifanya kazi mbele ya macho yao ndani ya kipindi kimoja, na hakuna kinachoshinda hamira kwa hilo.

Tafuta chupa nne za plastiki za nusu lita zinazofanana, maputo manne, hamira kavu, sukari na maji. Yapulize maputo kwanza mara mbili tatu yalegee, puto gumu linakudanganya. Kila chupa weka maji kama mililita 100 na hamira kijiko kimoja cha chai, alafu utofautishe hivi. Chupa A weka vijiko viwili vya sukari na maji ya uvuguvugu, nyuzi 35 mpaka 40. Chupa B maji ya uvuguvugu bila sukari. Chupa C sukari ipo ila maji ni ya barafu. Chupa D sukari ipo, maji ni ya uvuguvugu, ila hamira yake uliichemsha kwanza na kuiacha ipoe. Tikisa, vika puto mdomoni mwa kila chupa, weka alama kwa kalamu, na kabla kitu chochote hakijatokea kila mwanafunzi aandike anatabiri nini na kwa sababu gani. Hiyo ya kutabiri usiiruke, bila utabiri jaribio linageuka maonyesho tu.

Baada ya dakika 20 au 30 hivi puto la A linaanza kusimama. Waambie wasogee karibu waangalie ndani ya chupa, watakuta povu la rangi ya krimu limepanda juu ya maji, mapovu madogo yanatoka chini moja moja na kupasuka, na wakiweka sikio karibu na chupa watasikia mlio mdogo wa mchemko. Wanuse. Wengine watasema inanukia mkate, wengine pombe, wote wako sahihi, maana hamira inapokosa oksijeni ya kutosha inavunja sukari na kutoa kaboni dioksidi pamoja na alkoholi, hiyo gesi ndo inaumua mkate na hiyo alkoholi inapotea mkate ukiwa kwenye oveni. Chupa B inaweza kutoa gesi kidogo sana kwa sababu hamira ina akiba yake ndogo ya chakula, usishtuke na usiwafiche, ni swali zuri la kujadili. C italala. D haifanyi chochote.

Alafu fanya hivi, ni muhimu: ichukue chupa C uiweke kwenye maji ya uvuguvugu mbele yao. Taratibu inaanza kufanya kazi. D hata uiweke wapi haiamki. Hapo wameona kwa macho tofauti ya kupoza na kuua, na lile swali la friji la hatua ya kwanza limejijibu lenyewe. Kama mna maji ya chokaa, ingiza gesi ya puto A humo, yatageuka meupe kama maziwa na mmethibitisha kaboni dioksidi. Kama mna hadubini chukua tone la A, kwenye ukuzaji wa mara 400 seli za hamira zinaonekana vizuri kabisa, za mviringo, nyingine zina kichipukizi kidogo ubavuni, huko ndo kuzaliana kwenyewe.

Hatua ya 5: Mtindi, kwa bakteria

Hamira imewaonyesha fangasi, sasa bakteria. Chemsha maziwa, yaache yapoe mpaka nyuzi 43 hivi (ukiweka tone kwenye kifundo cha mkono unasikia joto lisilounguza), gawa kwenye vikombe vitatu visafi. Cha kwanza changanya kijiko kimoja cha mtindi usio na ladha ambao bado una bakteria hai, cha pili changanya mtindi uliochemshwa, cha tatu usiweke kitu. Funika, viweke mahali pa joto, vifunge kwa blanketi au weka kwenye hotpoti yenye maji ya moto, saa 6 mpaka 8. Ukianza asubuhi, jioni unakuta majibu.

Kikombe cha kwanza kimeganda, ukikiinamisha hakimwagiki haraka, na karatasi ya litmasi ya bluu inageuka nyekundu, ishara kwamba kuna asidi. Wale bakteria, Lactobacillus na Streptococcus thermophilus, wamekula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, asidi hiyo imefanya protini ya maziwa igande. Kuna jambo la kusisitiza hapa ambalo vitabu vinalipita, asidi hiyohiyo inawanyima nafasi bakteria wengi wengine wasiopenda uchachu, kwa hiyo kijidudu kimoja kinakulinda na vingine. Na kuna aina ya Streptococcus inayoleta maumivu makali ya koo, ndugu wa ukoo mmoja na huyu wa mtindi. Waache walichakate hilo, jina la ukoo halikuambii tabia ya mtu.

Tahadhari: kama mnataka kuonja, fanyeni jaribio zima nje ya maabara kwa vyombo vya jikoni, onjeni kile cha kwanza tu, na mwenye mzio wa maziwa asionje. Vikombe vya pili na vya tatu ni vya kuangalia na kumwaga.

Hatua ya 6: Tokeni nje mkachimbe mizizi

Tafuta mmea wowote wa jamii ya kunde uliokomaa kidogo, usiung'oe kwa nguvu maana vinundu vinabaki ardhini, chimba kwa koleo pembeni alafu unyanyue na udongo wake na uoshe kwenye ndoo. Kwenye mizizi kuna vinundu vidogo vya mviringo. Kata kimoja katikati kwa wembe (mwalimu akate). Ndani kikiwa na rangi ya waridi au wekundu kinafanya kazi, kikiwa kijani au kahawia kimeshachoka, cheupe mara nyingi bado hakijaanza. Wanafunzi huwa hawaamini kuona wekundu kama wa damu ndani ya mmea, na kweli ule wekundu unatokana na protini iliyo karibu sana na hemoglobini yetu, kazi yake ni kudhibiti oksijeni ili bakteria wa Rhizobium waweze kufanya kazi yao.

Kazi hiyo ni ipi? Hewa ni naitrojeni asilimia 78 lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa hewani, Rhizobium anaigeuza kuwa kitu mmea unachoweza kutumia, mmea nao unamlipa sukari. Malizia kwa kuwaonyesha majani yanayooza hapohapo chini, waulize bila bakteria na fangasi wanaoozesha huo uchafu wote ungeenda wapi na mbolea ingetoka wapi. Dakika chache zinatosha.

Hatua ya 7: Sasa ndo magonjwa, na anza na mchezo wa vikombe

Hapa andaa kikombe kimoja kwa kila mwanafunzi, robo maji. Kikombe kimoja tu, ambacho hata mwenyewe hajui, badala ya maji kina uji mwembamba sana wa wanga uliopoa, mwembamba kiasi kwamba kwa macho hauutofautishi kirahisi. Waambie wasinywe. Kila mtu atafute mwenzie, mmoja amimine vyote kwa mwenzie, wachanganye, wagawane tena nusu kwa nusu, na kila mmoja aandike jina la aliyebadilishana naye. Wafanye hivyo mara tatu na watu watatu tofauti. Alafu pita na chupa ya aidini, tone moja kwa kila kikombe. Vyenye wanga vinageuka bluu iliyokoza, vingine vinabaki na rangi ya aidini.

Mmoja amefanya wangapi? Kwa raundi tatu wanaweza kufika 8. Sasa kazi ya upelelezi: kwa kutumia majina waliyoandika wamtafute aliyeanza. Watabishana, watachora mishale ubaoni, watafuta, watachora tena, na mara nyingi wataishia na watu wawili wasioweza kuwatenganisha. Waambie ndo hivyohivyo watu wa afya wanavyofuatilia mlipuko.

Rudia mchezo, safari hii theluthi moja ya darasa vikombe vyao vimefunikwa, hao "wamechanjwa", anayekutana nao raundi yake inapita bila kubadilishana. Linganisha idadi. Huhitaji kuhubiri chanjo baada ya hapo, waambie tu kwamba ndui, ugonjwa ulioua mamilioni, ulitangazwa kutokomezwa duniani 1980 kwa njia ya chanjo.

Kitu kimoja naomba sana mkizingatie. Usimwite mwanafunzi "mgonjwa" wala usiache darasa limcheke aliyeanza. Darasani kwako kunaweza kuwa na mtoto anaishi na VVU au ambaye nyumbani kwao kuna mtu wa kifua kikuu, na mzaha wa dakika moja unaweza kumfanya asije kumwambia mtu yeyote. Sema kikombe, usiseme mtu.

Baada ya mchezo gawa magonjwa kwa vikundi, kila kikundi kijibu: kijidudu gani, kinaingiaje mwilini, kinakatishwa wapi. Kipindupindu ni bakteria, kinapita kwenye maji na chakula. Kifua kikuu ni bakteria, hewa. Surua ni virusi, hewa. Malaria ni protozoa, mbu. Mapunye ni fangasi, kugusana na kuchangia vitana. Ukiwafanya wafikirie njia badala ya jina la ugonjwa wanaona wenyewe kwamba neti haizuii kipindupindu na choo hakizuii surua.

Hatua ya 8: Mikono

Paka mikono ya wanafunzi watatu mafuta ya kupikia kidogo, nyunyiza unga wa chaki ya rangi, wasugue usambae. Mmoja anawe kwa maji tu, wa pili sabuni kwa sekunde 5, wa tatu sabuni kwa sekunde 20 akipita katikati ya vidole, kucha, vidole gumba na mgongo wa mkono. Walinganishe. Rangi inabaki zaidi kwenye gumba na pembeni ya kucha, watashangaa. Wasimulie kuhusu Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna ambaye 1847 aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuzalisha, vifo vya akina mama kwenye wodi yake vikashuka sana, na bado wenzake wengi walimkatalia.

Hatua ya 9: Kuotesha ukungu, na usalama

Vipande vinne vya mkate, mifuko minne ya plastiki inayoonyesha ndani: kikavu, chenye matone ya maji, chenye maji kikiwa kwenye friji, na chenye maji na ndimu. Funga kabisa, bandika tarehe, angalieni kila siku kwa wiki moja wakichora. Mfuko ukishafungwa HAUFUNGULIWI tena, vumbi la ukungu linawasumbua sana wenye pumu, mwisho wa wiki unatupwa vilevile ulivyofungwa.

Kama shule yenu ina sahani za agari (chakula kama jeli cha kuoteshea vijidudu), sheria zifuatazo hazina mjadala. Msichukue sampuli chooni, kwenye jalala, puani, kooni wala kwenye vidonda, chukueni kwenye meza, kitasa, hewa. Oteshea kwenye nyuzi 25 au chini, kamwe siyo 37, maana 37 ni joto la mwili na unawakaribisha wale hasa wanaopenda kuishi kwa binadamu. Funga mfuniko kwa vipande vya selotepu sehemu mbili au nne, usizungushe selotepu sahani nzima, ukiziba hewa kabisa unawapa nafasi bakteria wasiotaka oksijeni ambao baadhi yao ni hatari. Wanafunzi waangalie kupitia mfuniko bila kufungua. Mkimaliza sahani ziingie kwenye otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha) au presha kuka ya maabara (siyo ile ya jikoni) nyuzi 121 kwa dakika 15 mpaka 20, ndo zitupwe. Huna njia ya kuziua kwa usalama? Basi usioteshe, baki na mkate kwenye mfuko.

Hatua ya 10: Antibayotiki na usugu

Anza na kisa. Mwaka 1928 Alexander Fleming alirudi kutoka likizo maabarani kwake London, akakuta sahani moja ya bakteria imeingiliwa na ukungu, na kuzunguka ukungu huo bakteria hawakuota. Ukungu huo ni Penicillium, ndugu wa huohuo wanaouona kwenye mikate iliyooza. Miaka ya 1940 ikawa dawa inayookoa watu, na 1945 alipopokea tuzo ya Nobel Fleming mwenyewe alitahadharisha kwamba ikitumiwa vibaya bakteria watazoea.

Alafu shanga. Kila kikundi shanga 20: nyeupe 15, bluu 4, nyekundu 1. Hao ni bakteria, nyekundu ndo sugu zaidi, yaani mgumu kuliko wote kuuawa na dawa. Dawa ya siku ya kwanza toa nyeupe 10. Siku ya pili toa nyeupe zilizobaki na bluu 1. Mgonjwa anajisikia nafuu, anaacha dawa. Zimebaki bluu 3 na nyekundu 1. Sasa kila shanga izae, ongeza ya rangi yake mara mbili, mara nne, mara nane. Wakiangalia bakuli jipya halifanani na la mwanzo, nyeupe hakuna hata moja.

Hapa sahihisha kosa ambalo hata watu wazima wanalo: anayekuwa sugu ni bakteria, siyo mwili wa mtu. Ndo maana usugu unahama kutoka kwa mtu aliyetumia vibaya kwenda kwa mtu ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Wape mambo ya kushika: antibayotiki haitibu mafua, usijinunulie bila kupimwa, usimgawie mwenzio, tumia kama mhudumu wa afya alivyokuelekeza. Watapeleka nyumbani hayo, nakuhakikishia.

Hatua ya 11: Kadi za mahali

Badala ya jedwali la faida na madhara, andika kadi, kila kadi ina kijidudu na mahali kilipo. E. coli utumboni. E. coli kwenye maji ya kunywa. E. coli kwenye tangi la kiwanda ikitengeneza insulini ya binadamu (dawa hiyo ya kisukari iliruhusiwa kutumika Marekani 1982). Bakteria Staphylococcus aureus puani mwa mtu asiyeumwa. Huyohuyo kwenye kidonda cha upasuaji. Penicillium juu ya mkate, Penicillium kwenye jibini, Penicillium kiwandani. Hamira kwenye unga, hamira kwenye chupa ya juisi iliyosahaulika. Bakteria waozeshaji shambani, waozeshaji jikoni.

Chora mstari mrefu ubaoni, mwisho mmoja "anasaidia", mwingine "anadhuru", kila kikundi kibandike kadi zake popote kwenye mstari na kitetee. Usiwe mwepesi wa kutoa hukumu. Kikundi kikisema waozeshaji wa jikoni wanadhuru na kingine kikasema wanasaidia kwa sababu takataka za jikoni zinageuka mboji, wote wana hoja, wabane tu waseme kiko wapi, kwa wingi gani, kinafanya nini.

Hatua ya 12: Kupima

Usiulize "taja faida nne na madhara manne ya bakteria", utapata ulichokisema mwenyewe. Uliza hivi: "Mtu mmoja amekunywa antibayotiki kwa wiki moja, kidonda kimepona lakini sasa anaharisha. Eleza nini kinaweza kuwa kimetokea." Anayesema dawa ilikuwa mbaya mpe alama kidogo. Anayesema dawa iliua bakteria wa kidonda na ikaua pia wale wa utumboni mpe nyingi. Anayeongeza kwamba nafasi zilizoachwa wazi utumboni zinaweza kuchukuliwa na aina nyingine ambao kabla walikuwa wachache mno kumdhuru, huyo mpe zote, na mwambie aje kuwaelezea wenzie.